Sauti Isiyo na Tanakali

Miaka thelathini na mmoja nimefundisha tanakali:
anguka pu, zama chubwi, lala fofofo,
mweupe pe, nyamaza jii.
Leo nimesimama Kirinyaga Road, oili imelowa viatuni,
na fundi Mogaka ananiuliza, "Inalia aje, mwalimu?"
nami sina neno.

Si kwaru. Kwaru ni kijiko kwenye ukoko wa sufuria.
Si kacha, ya kufuli. Si ngo ngo ngo,
maana ngo ngo ngo ni mgeni mwenye adabu,
na hii haingoji kukaribishwa.
"Ni kama tki," nasema. "Tki. Tki-tki. Halafu inatulia
hadi gari lipinde kulia."
"Linalia likienda kulia," anasema Mogaka,
na gereji nzima inaangua kicheko.
Syombua, mwanagenzi, hacheki.
Anaandika *tki* kwa kidole kwenye vumbi la boneti.

Corolla yenyewe ina namba ya KAB.
Imesomesha watoto watatu, imebeba viazi vya Kinangop,
imelala mtaroni Juja Road siku mbili za mvua.
Ina haki ya kulalamika.
Lakini ilianza Aprili.

Tukabadilisha bushi. Kisha bolijointi.
Kisha shokabzoba mbili za mbele, mitumba ya Japani,
kisha linki za stebilaiza, ambazo hadi leo
sijui zinaunga nini na nini.
Pensheni ikang'oka kipande kipande kama jino bovu.
Mogaka akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini
na mpini sikioni, akafumba macho.
"Injini ni nzima," akasema. "Hii itakuzika."
Kisha akapangusa mikono ambayo alikuwa ameshaipangusa.

Na kila tulipotoka kulijaribu,
yeye kando yangu, mkanda kifuani kwa hofu ya trafiki,
gari lilikuwa kimya kama darasa mkaguzi akiingia.
Ngara, kimya. Mzunguko wa Pangani, kimya.
Matuta yote ya Muthaiga, kimya.
Nikimshusha, kona ya kwanza tu:
tki.

"Linakuonea haya," nikamwambia.
"Gari halina haya, mwalimu. Lina sababu."

Syombua ndiye aliyesema,
"Mimi nilale nyuma, ujifanye sipo."
Akajikunja kwenye kiti cha nyuma, magoti kifuani.
Nikaendesha peke yangu bila kuwa peke yangu,
nikiona aibu hata kukohoa.
Pangani. Usukani kulia. Tki.
Mkono wake ukapenya kando ya kiti cha mbele,
ukadaka kitu hewani,
na sauti ikafia ndani ya ngumi.

Ulimi wa mkanda. Wa abiria.
Springi imechoka, haiuvuti tena hadi juu;
unaning'inia tu, na gari likipinda
unagonga plastiki ya nguzo ya mlango.
"Hapa hukaa nani?" akauliza Syombua,
kama fundi, akitafuta chanzo.

"Mtu aliyekuwa akifunga mkanda," nikasema,
"kabla sijafungua geti."

Mogaka hakuwa na springi ya aina ile.
Linki hakuzichukua, wala pesa zangu hakurudisha.
Akakubali chai, na andazi la pili.
"Kwa sasa ufunge tu," akasema,
"hata kama hakuna mtu."

Nikaufunga. Kacha.
Hiyo naijua.

Pangani askari akanisimamisha, akainama dirishani,
akautazama mkanda uliokumbatia kiti kitupu,
akanitazama mimi,
ambaye wangu nilikuwa nimesahau kuufunga.
Akakuna shavu.
"Endelea, mzee."

Nikapinda kulia, polepole,
nimetega sikio.